Siku ya Posho kwa Anaclet

Watu watatu tu ndio wangeweza kuona ndani ya kiwanja cha Anaclet bila kugonga lango. Miezi kumi alikuwa amelizungusha jambo hilo kichwani, akipiga randa, akila, hata akipiga magoti kanisani kwenye benchi ambalo hakuna aliyekaa tena karibu naye. Wa kwanza alikuwa Paluku, mfanyabiashara wa maharagi aliyetoka Butembo, ambaye depo lake na kiwanja cha Anaclet vilitenganishwa na ukuta mmoja tu wa matofali, na ambaye hakukosa sababu ya kupanda ngazi kuangalia mabati yake. Wa pili alikuwa Gauthier, chefu wa avenyu, mkubwa wa barabara yao, anayechungulia katika malango ya watu na kusema ni mambo ya usalama. Wa tatu alikuwa Bénie, binti yake mwenyewe. Huyo Anaclet hakutaka kumweka kati yao. Alimtoa mara nyingi, na kila mara alimkuta amerudi.

Mmoja kati ya hao watatu alifungua kinywa. Alisema kwamba Anaclet, fundi wa masanduku ya maiti wa mtaa wa Hewa Bora, alianza kupiga randa mbao za sanduku la mke wake siku ya Jumanne, na mke akafa Alhamisi.

Na ilikuwa kweli. Kama ingekuwa uongo, angeshindana nao.

Geneviève aliugua figo. Hospitali walimlaza wiki tatu, kisha wakamrudisha nyumbani na karatasi. Siku ya kumrudisha, dokta alimwita Anaclet kwenye korido akamwambia kwa Kifaransa, macho yakiwa kwenye simu, kwamba imebaki siku chache, akatia sahihi, akaenda zake. Anaclet alifika mwaka wa tano wa shule ya msingi. Kifaransa chake ni cha kununulia misumari. Lakini hicho alikielewa chote. Wakubwa ndivyo walivyo: wanakuwekea jiwe mikononi, halafu wanatazama saa.

Hakumwambia mtu. Si Bénie, si Virginie, dada mkubwa wa Geneviève anayekaa Kipushi. Aliwajua. Wangelia, na Geneviève angesikia kilio chake mwenyewe angali anapumua. Akanyamaza. Akashusha mbao za libuyu zilizokuwa zimekaa juu ya dari miaka sita zikikauka, zile ambazo Geneviève alikuwa ameahidiwa zitakuwa kabati yake ya nguo, akaziweka juu ya meza ya kazi. Nusu ya marehemu wa mtaa ule wamelala ndani ya kazi ya mikono yake. Yeye amzike mke wake ndani ya mbao za maranda na gundi, zile zinazovimba mvua ya kwanza? Libuyu ni mbao ngumu, haikubali haraka. Ndiyo maana alianza mapema. Basi.

Siku ya kuzika hakuna aliyesema neno. Mambo yalianza baadaye, na yalianza na mikono. Wanawake wa avenyu walimsalimu kwa kumpa kifundo cha mkono badala ya kiganja, kama mtu mwenye mikono yenye tope. Halafu kwa kichwa. Halafu wakawa na haraka. Mama Chilufya, anayekaanga vitumbura pale kwenye kona, alimwambia Bénie kwamba vimekwisha, na beseni lilikuwa limejaa. Ile sanamu ya Bikira Maria inayozunguka nyumba kwa nyumba na rozari ya jumuiya ilitoka nyumba ya mkono wa kushoto ikaenda nyumba ya mkono wa kulia, ikaruka lango la Anaclet kama vile pale pana shimo. Kazi ya masanduku nayo ikakatika. Nani atalala katika kazi ya mtu anayejua tarehe? Walisema: anajua tarehe kwa sababu yeye ndiye aliyeiweka. Walisema alimtoa mke wake kafara ili kazi ipande. Kazi yenyewe ilikuwa imekufa, lakini hilo hakuna aliyetaka kuliangalia.

Anaclet akabaki kutengeneza vigoda na fremu za madirisha kwa watu wa mitaa ya mbali wasiomjua.

Kisha Gauthier akaleta karatasi. Aliisoma mwenyewe langoni, kwa sauti, ili na majirani wasikie. Ilisema kwamba kwa ajili ya amani ya avenyu, bwana Anaclet anaombwa asije kwenye mikutano mpaka familia ya marehemu itakapotoa neno. Chini kulikuwa na mhuri. Gauthier huyo, miaka miwili tangu transfoma ya avenyu iungue, watu wanatumia mishumaa, na yeye anasema anafuatilia. Bomba la maji limepasuka, anafuatilia. Lakini wino wa mhuri wake haukukauka hata siku moja.

Mtu akiachwa hivyo, anabadilika bila kujiona. Mwanzo Anaclet alisalimu wa kwanza, kwa nguvu, ili wamwitikie. Baadaye akaacha, ili asinyimwe. Baadaye akaanza kusimama nyuma ya lango lake, sikio kwenye bati, akisikiliza wapitao. Mtu akikohoa, ni juu yake. Wakicheka, ni juu yake. Na mtu akimsalimu vizuri, hapo ndipo alipoogopa zaidi, akarudi ndani akijiuliza yule anatafuta nini.

Bénie, aliyekuwa na miaka kumi na sita, alikuwa akimwangalia tu. Kwenye kwaya hawakumfukuza. Waliacha kumwambia saa ya mazoezi.

Sasa ilikuwa mwezi wa saba, baridi ya Lubumbashi inauma masikio, na kilio cha Geneviève kilikuwa hakijamalizwa. Kwa watu wa kwao, mume aliyefiwa anafungwa ushanga mweupe mkononi na mkubwa wa familia ya marehemu, halafu wawili hao wanakula katika sahani moja mbele ya watu. Asipofungwa, anabaki na mufu, kile kivuli cha marehemu, kinatembea naye, na kila anayegusa chake anaogopa kuguswa. Mkubwa wa familia alikuwa Virginie. Miezi kumi Virginie hakuja. Halafu akapiga simu, sauti kavu.

"Shemeji, nitakuya siku ya posho," alisema, maana huko Jumamosi bado inaitwa vile, tangu wazee wao walipokuwa wanapewa unga wa wiki kwenye mgodi. "Kama bantu ba avenyu banakula mu sufuria yako, na mi nitakula, na nitakufunga. Bale njo balikaa na mudogo wangu, banamujua mwenye kumuua na mwenye hakumuua. Kama banakataa, mutoto nitamubeba siku ileile. Siwezi kumuacha mu nyumba bantu banakimbia."

Anaclet aliuliza kama Bénie amekubali. Virginie akasema amuulize mwenyewe. Hakumuuliza. Alihofia atajibu haraka.

Alizunguka avenyu yote, Jumatano na Alhamisi, akiwa amevaa koti lile alilomzikia mkewe. Alikaribishwa kila mahali kwa maneno mazuri na hakupewa kiti mahali popote. Mzee mmoja alisema wataona. Mwalimu Aristote alisema siku hiyo ana shughuli, halafu hakuweza kutaja shughuli gani. Mama Chilufya aliitikia ndiyo, ndiyo, Papa Bénie, tutakuya, huku akifunika unga wake kwa kitambaa. Gauthier alimweka amesimama uani, akamwambia angepaswa kuandika barua ya ombi, kwa kuwa mkusanyiko wa watu ni jambo la utawala. Mwishoni akasema atakuja, lakini kama mtazamaji.

Kila lango lililofungwa nyuma yake, Anaclet alisimama hatua chache mbele, akangoja kusikia wanachosema. Alisikia sufuria. Alisikia redio. Hilo lilimtia mashaka zaidi kuliko matusi.

Lango la mwisho lilikuwa la Paluku. Hakutaka kwenda, akaenda. Paluku alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyeongea Kiswahili cha kwao kule Kivu, na alimpokea kwa mikono miwili, akamketisha juu ya gunia. Alisema atakuja, yeye na mke wake Dorcelle. Alisema tena ataleta maharagi, yale mekundu ya kwao, yanayoiva vizuri.

"Kilio bila maharagi ni mukutano tu," alisema Paluku akicheka. "Na mukutano, Gauthier anazo za kutosha."

Anaclet alicheka pia, nusu. Alipokuwa akitoka, aliona ngazi. Ilikuwa imeegemezwa ukutani, upande wa kiwanja cha Anaclet.

Akawaza njia nzima, ingawa njia ilikuwa hatua kumi. Mtu huyu hana kijiji hapa, hana mjomba hapa. Miezi kumi amekuwa akimsalimu peke yake katika avenyu nzima, akimtania, akinunua kwake vigoda vinne ambavyo hakuvihitaji. Kwa nini? Mtu anayekupaka mavi usiku ndiye anayekuletea maji asubuhi, ili usimshuku. Hivyo ndivyo Anaclet alivyojiambia, na wazo lilipokwisha kuingia, lilijitafutia kigoda likakaa.

Ijumaa ilikuwa siku ya kupika. Katika matanga ya kawaida, wanawake wa avenyu wanafika tangu asubuhi na visu vyao na ubishi wao, mpaka mwenye nyumba anakosa pa kupita. Bénie aliwasha makaa, akakata majani ya sombe peke yake, akasafisha samaki waliokuja na lori la Kasomeno, akichungulia lango. Saa nne hakuna mtu. Saa sita hakuna mtu. Saa nane Dorcelle akaja, mwembamba, kimya, gunia dogo la maharagi kichwani na chupa ya mafuta mkononi. Alivua viatu, akafunga kitenge kiunoni, akauliza mwiko uko wapi.

Anaclet alileta kigoda akakaa mlangoni mwa jiko. Alisema anaota moto. Kweli alikuwa akiangalia mikono. Dorcelle aliosha maharagi mara tatu, na Anaclet akahesabu tatu. Dorcelle alionja chumvi, na Anaclet akaangalia kama amemeza. Alitaka kujua kwa nini ameleta mafuta yake mwenyewe wakati mafuta yapo ndani. Hakuuliza hivyo, aliuliza kama mafuta ya nyumba hii ni mabaya. Dorcelle akasema hapana, Papa Bénie, haya ni ya mawese, maharagi yetu yanayapenda. Bénie akamtazama baba yake kwa muda mrefu, kisha akainamia sombe yake.

Kuna wakati wanawake hao wawili walikuwa wakicheka. Bénie, ambaye Anaclet hakumsikia akicheka tangu mazishi, alikuwa akicheka na mwanamke wa jirani juu ya kitu ambacho hakukisikia. Alipokaribia wakanyamaza. Jirani, ngazi, na mtoto aliye ndani. Huenda hawakuwa watatu. Huenda walikuwa kitu kimoja.

Jioni Dorcelle alifunika sufuria kubwa ya maharagi kwa bati na jiwe, akasema kesho watayapasha tu, akaenda kwao.

Anaclet aliamka alfajiri, baridi imekaa juu ya mabati kama unga. Alienda jikoni akainua bati. Maharagi yalikuwa mekundu, yameganda juu kwa mawese, yananukia vizuri. Alisimama mbele yake. Hakuona kitu kibaya. Lakini aliona siku nzima iliyokuwa mbele: watu wamekaa, Virginie ameketi, mmoja anashika tumbo, mtoto wa fulani anatapika, na kabla ya jua kuzama avenyu nzima inajua kwamba Anaclet, baada ya kumla mke wake, amewalisha sumu waombolezaji wake. Tumbo moja tu lingetosha. Na Bénie angepanda teksi ya Kipushi usiku huohuo. Nani angemfanyia hivyo? Aliyekwisha kumfanyia lile la kwanza.

Alibeba sufuria mpaka choo cha shimo nyuma ya nyumba, akaimwaga yote. Ilikuwa nzito, ilimchukua mara mbili. Alipokuwa akiisugua kwa mchanga kando ya pipa, akageuka, akamkuta Bénie amesimama pale na shali ya mama yake mabegani.

Alimtazama, akaitazama sufuria, akarudi ndani.

Dorcelle alifika saa mbili na sahani za kuazima kichwani, akauliza awashe moto chini ya maharagi. Anaclet alimwambia yamechacha, akayamwaga. Dorcelle alitua sahani taratibu. Yeye ni mpishi, na mwezi wa saba Lubumbashi maji yanayoachwa nje yanaamka na ngozi ya barafu. Maharagi ya jana hayachachi. Aliitazama ile sufuria iliyosuguliwa mpaka ikang'aa. Aliwaza kidogo, na Anaclet aliona uso wake unavyoelewa, polepole, kama mtu anayesoma barua ndefu.

"Papa Bénie," alisema, "watoto wangu walikula maharagi yale yale jana jioni."

Akachukua kitenge chake na chupa ya mafuta, akaacha sahani, akaondoka. Hakugonga lango. Alilirudisha vizuri.

Watu walianza kuja saa tano. Anaclet hakuamini macho. Mama Chilufya na wanawake sita, Aristote aliyekuwa na shughuli, yule mzee, vijana wa kwaya wawili. Gauthier alikuja wa mwisho pamoja na Jeannot, mwandishi wake, mwenye daftari. Anaclet aliwaangalia wakiingia mmoja mmoja na hakuwashukuru moyoni. Alijua wamekuja kumtazama akianguka. Ni nani anakosa siku kama hiyo? Walikaa karibu na lango, wanawake upande wao, wanaume upande wao, na hakuna aliyegusa maji.

Virginie akashuka katika teksi na shangazi wawili wa familia. Mwanamke mrefu, kilemba cheusi, uso wa Geneviève lakini umekauka. Alimkumbatia Bénie, akamshika mashavu, akaketi kwenye mkeka katikati ya uwanja. Kutoka kifuani mwa blauzi yake akatoa ushanga mweupe umefungwa katika karatasi. Anaclet aliketi mbele yake, mkono nje. Hata wale wa kwenye lango wakasogea.

Angenyamaza, angefungwa, mambo yangekwisha pale. Lakini miezi kumi si siku kumi.

"Mbele ya kunifunga, yaya," alisema Anaclet, akimwita dada mkubwa kama mkewe alivyokuwa akimwita, "mi niko na neno. Nani aliwaambia nilianza sanduku wakati Geneviève angali muzima?"

Alipouliza, alimwangalia Gauthier. Gauthier akaangalia daftari la Jeannot.

"Geneviève," alisema Virginie.

Anaclet akadhani hakusikia vizuri.

"Yeye mwenyewe. Alinipigia telefone ile siku ya randa. Sauti yake ilikuwa kiloko, kidogo tu, lakini alikuwa anacheka. Anasema: yaya, Anaclet ameanza kabati yangu, niko nasikia. Alimuambia na mama Chilufya huyu hapa, alimuambia kila muntu mwenye alikuya kumuona. Siku ya kuzika tunakuta ile mbao ya kabati njo sanduku. Ulitaka tufikiri nini?"

Mama Chilufya, kichwa chini, akaitikia kwamba ni kweli. Alisema Geneviève alikuwa amemwambia hata rangi ya pazia atakayoiweka ndani.

Anaclet alikumbuka mlango. Ile Jumanne Geneviève aliomba mlango wa chumba uachwe wazi, na yeye alifikiri anataka hewa. Aliupiga randa ule mti siku mbili, mlango ukiwa wazi, akijua kitanda kiko wapi.

"Dokta alikuwa alikuambia?" aliuliza Virginie.

"Aliniambia."

"Na weye ukafunga kinywa."

"Nilifunga. Sikutaka asikie kilio."

Virginie alilia hapo, bila sauti, akifuta macho kwa kiganja kama mtu anayefuta jasho. Alisema angekuja. Kutoka Kipushi si safari. Angelala naye kitanda kimoja zile siku mbili, angemsuka, angemwambia maneno yake. Badala yake alikuwa nyumbani akicheka juu ya kabati. Alikunja ushanga kidoleni, akaukunjua, mpaka shangazi mmoja akakohoa.

"Haukumuua," alisema mwishoni. "Lakini ulituibia siku mbili."

Akamfunga. Fundo moja, fundo la pili, akakata uzi kwa meno.

Unafuu ulipita katika uwanja kama upepo unaopita katika nguo kwenye kamba. Bénie alileta beseni la kunawia, kisha bukari, ule ugali wao, kisha samaki, sombe, nyama ya mbuzi. Virginie alimega bukari, akachovya katika sahani ya Anaclet, akala. Anaclet akala. Gauthier hakungoja. Alisimama akatoa hotuba, akasema yeye tangu mwanzo hakuwahi kuamini, alikuwa akilinda tu utaratibu, na kwamba utawala unampokea ndugu Anaclet kwa mikono miwili, Jeannot akaandika. Halafu Gauthier akaketi karibu kabisa na Anaclet, akanawa, akachagua nyama. Walipomwona chefu anakula, wote wakala. Mama Chilufya alisema sombe ya Bénie ni kama ya mama yake. Mtu alimpiga Anaclet begani. Mara ya kwanza katika miezi kumi, mkono wa mtu ulikuwa juu ya bega lake, na ulikaa.

Bénie angebaki. Neno la Virginie lilikuwa limetimia. Anaclet alijiambia hivyo mara mbili, huku akitafuna.

Kisha mama Chilufya akauliza juu ya maharagi. Jana yote avenyu ilinukia maharagi. Na mama Dorcelle yuko wapi, na mume wake? Si ndio walikuwa wanapika?

Anaclet alisema yalimwagwa.

Gauthier akaacha kutafuna. Akainama, akasogeza mdomo karibu, lakini alisema kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Uliona kitu ndani?"

Mikono yote ilisimama juu ya sahani. Mkono wa Virginie pia. Anaclet aliona macho yao na akayajua, maana alikuwa ameyaona kwa upande mwingine miezi kumi. Akisema hakuona kitu, kwamba ilikuwa hofu tu, Virginie ataona mtu aliyeharibika kichwa, anayemwaga chakula kizuri cha watu wazuri; mtoto haachwi na mtu kama huyo. Na hawa nao watakumbuka walikuja kufanya nini, watanawa mikono. Akisema aliona, ni uongo, na uongo mkubwa. Kulikuwa na njia ya katikati. Alitikisa kichwa namna ambayo si ndiyo wala si hapana. Akamega bukari.

Mikono ikarudi kwenye sahani.

"Tulijua," alisema Gauthier. "Bale bantu ba kule juu, ba Kivu, hauwezi kujua kitu banabeba. Siku ya kwanza ya juma nitapita pale na karatasi."

Mmoja akasema amewahi kumwona Paluku juu ya ngazi. Ngazi ya nini? Mwingine akasema biashara yake inapanda haraka sana kwa mtu aliyekuja na begi moja. Mama Chilufya akasema kweli, na wanacheka mno. Anaclet alikuwa akisikiliza. Maneno yalikuwa yaleyale aliyoyajua, kila moja mahali pake, jina tu lilikuwa limebadilishwa. Na yeye alikuwa ndani, amekaa katikati, na kulikuwa na joto.

Bénie alikuwa amesimama na beseni la maji.

"Papa," alisema, "sema."

Hakupaza sauti. Wachache tu walisikia, na Virginie alikuwa mmoja wao.

"Tunakula, mutoto wangu," alisema Anaclet.

Bénie alitua beseni. Aliingia ndani, akakaa humo kidogo, akatoka na mfuko wa shule uliojaa mpaka zipu haifungi, na zile sahani za Dorcelle, zimeoshwa, zimepangwa juu ya mkono. Virginie alimwambia hakuna haja tena, anaweza kubaki na baba yake, watu wamekula.

"Najua, mama mukubwa. Banakula," alisema Bénie. "Mi nitakuya na weye Kipushi. Kwanza nirudishe masahani."

Akapita katikati ya mikeka. Watu walivuta miguu kumpisha, wakiendelea kuzungumza. Lango likafunguka, likafungwa. Virginie aliutazama mkono wa Anaclet, ushanga ule, kisha akamtazama usoni, akaanza kufunga kilemba chake upya kama mtu anayejiandaa kwa safari. Gauthier alimsogezea Anaclet paja la mbuzi.

Anaclet hakuligusa. Alikuwa akisikiliza ng'ambo ya ukuta. Alisikia Bénie akigonga kwa Paluku, mara moja, mara ya pili. Ikachukua muda. Kisha mlango ukalia, na sauti ya Dorcelle, na ya Bénie, ndogondogo, zikienda chini zaidi, mpaka hakuweza kukamata neno. Alivuta mwili mbele kidogo, kichwa upande, akijaribu kujua walikuwa wanasema nini juu yake.